Maswali na Majibu: Yakobo hana deni la jina

Kapu limejaa, na barua nyingi safari hii zinauliza jambo moja: jina fulani la Biblia maana yake nini, na je, nimpe mwanangu au nimvue? Nimechagua kumi. Walioniuliza kama Adamu alikuwa na kitovu waendelee kusubiri.

Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa darasa la tatu anaitwa Yakobo, jina la babu yake. Mtumishi mmoja aliyefanya mkutano mtaani kwetu amesema Yakobo maana yake ni mdanganyifu, ndiyo sababu mtoto anasema uongo shuleni. Anataka nimpeleke akafunguliwe, niende na sadaka ya shilingi laki moja na nusu, kisha aitwe Israeli. Nifanyeje? (Mama, Morogoro)

Marahaba, mama. Hiyo laki na nusu mnunulie mtoto viatu na madaftari. Mtoto wa darasa la tatu asiyesema uongo bado sijamwona, awe Yakobo, awe Gabrieli.

Sasa jina lenyewe. Kwa Kiebrania ni Yaakovu, na mzizi wake una herufi tatu: ayini, kofu, beti. Mzizi huo ndio unaozaa neno "akevu", yaani kisigino. Mwanzo 25:26 inasema pacha wa pili alitoka mkono wake umeshika kisigino cha Esau, akaitwa Yakobo. Basi. Hapo hakuna utapeli wowote. Kichanga kilichotoka tumboni dakika hiyo kimtapeli nani?

Habari ya udanganyifu inaingia sura ya 27, miaka mingi baadaye, na inatoka kinywani mwa Esau. Huyu ni mtu aliyeuza haki yake ya uzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu, na sasa amekuta baraka nayo imekwenda. Analia kwa uchungu, anasema ndugu yake ameitwa Yakobo kwa haki, kwa kuwa amempiku mara mbili. Kitenzi anachotumia kinafanana kwa sauti na jina, naye analikamua jina mpaka litoe tusi. Tena hajaishia hapo: "bekora" yangu aliichukua, na sasa "beraka" yangu, yaani uzaliwa wa kwanza na baraka, maneno mawili yanayopishana kwa herufi kidogo tu. Hata katikati ya kilio, Mwebrania hakosi kucheza na maneno. Kwa hiyo anayekuambia Yakobo maana yake ni mdanganyifu amelichukua tusi la Esau akaligeuza cheti cha kuzaliwa.

Sikatai kwamba manabii nao walilichezea jina hilo. Hosea 12 inakumbusha kisigino kile cha tumboni, na Yeremia 9:4, ukiisoma kwa Kiebrania, inasema kila ndugu "akovu yaakovu", atapiku kwelikweli, na msikilizaji wa Yerusalemu alijua anayesutwa ni nani. Lakini kuchezea jina ni kazi moja, na kueleza asili yake ni kazi nyingine.

Asili yake, wataalamu wengi wanaona, ni sentensi iliyokatwa mkia. Kiebrania hubandika kiambishi mbele ya mzizi kama sisi: "ya-" au "yi-" yao hufanya kazi ya "a-" yetu. Isaka, kwa Kiebrania Yitsaki, ni "anacheka". Yakobo naye ana kitenzi, ila mtendaji hatajwi. Wenye kujua majina ya Rungwe hawatashangaa. Atupele ni "ametupa", Atuganile ni "ametupenda", na hakuna Mnyakyusa anayeuliza ni nani aliyetupa au aliyetupenda. Mrundi naye akiitwa Ndayishimiye, "ninamshukuru", anayeshukuriwa anajulikana hata asipotajwa. Nabii Natani ni "ametoa", karibu kabisa na Atupele wetu, na ukimrudishia mtendaji unapata Yonatani, "BWANA ametoa". Hivyo Yakobo, akirudishiwa mkia wake, huenda alikuwa Yaakov-eli, na maana yake "Mungu na alinde". Katika Kigeez, lugha ya kale ya kanisa la Ethiopia iliyo jamaa ya Kiebrania, mzizi huo huo una maana ya kulinda mpaka leo. Na Misri, zama za Wahiksosi, wageni walioitawala nchi hiyo, kulikuwa na mtawala ambaye jina lake limechongwa kwenye mihuri ya umbo la mende: Yakub-Har. Sidhani mzazi wake alikaa akafikiri amwite mtoto Tapeli.

Na kama jina ndilo linalomfanya mtu awe alivyo, tuyapange mezani. Labani maana yake ni mweupe. Huyo mweupe ndiye aliyembadilishia Yakobo mke usiku wa harusi, na mshahara mara kumi. Absalomu jina lake linabeba neno "baba" na neno "amani", na alimfukuza babaye ikulu. Yuda ni jina la sifa, na wote tunajua nani mwingine aliitwa Yuda.

Mtumishi wako pia ameusoma vibaya mto Yaboki. Mwanzo 32: Yakobo, Yaboki, na kitenzi cha kushindana mweleka, "yeavek", vyote vitatu vinagongana sauti katika mistari michache. Yule mtu aliyeshindana naye usiku anamwuliza, "Jina lako nani?" Mara ya mwisho kuulizwa hivyo, na baba yake kipofu, alijibu, "Mimi ni Esau." Safari hii anajibu, "Yakobo." Ndipo anapewa jina la Israeli. Hakutozwa senti. Alichotoa ni uvungu wa paja, akaondoka anachechemea.

Tena angalia kinachofuata. Abramu alipoitwa Ibrahimu, Mungu hakumwita Abramu tena. Yakobo alipewa jina la Israeli mara mbili, sura ya 32 na ya 35, na bado katika 46:2, mzee anaposhuka Misri, Mungu anamwita usiku: "Yakobo, Yakobo!" Kwenye kijiti cha moto Mungu anajitambulisha kuwa ni Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo. Zaburi ya 20 inaombea mtu aliye katika dhiki ainuliwe na "jina la Mungu wa Yakobo". Na Mathayo 1:16 inasema babu yake Yesu kwa upande wa Yusufu aliitwa Yakobo. Jina ambalo Mungu mwenyewe halioni aibu, mgeni wa jukwaani analionea aibu kwa laki na nusu?

Mwache mtoto na jina la babu yake. Na uongo wa shuleni, nenda ukaonane na mwalimu wake wa darasa. Mara nyingi mtoto anayedanganya anaogopa kitu, na fimbo ndiyo ya kwanza kuchunguzwa.

Mariamu maana yake hasa ni nini? (Kisumu)

Yamependekezwa mengi: uchungu, uasi, mpendwa kwa Kimisri. Hakuna lililoshinda. Ukiona kalenda yenye jibu moja la uhakika, itumie kuhesabia siku tu.

Nimeomba sala ya Yabesi siku 40 mfululizo kama nilivyofundishwa. Mipaka yangu haijapanuka. Je, ni kwa sababu sikubadili jina langu lenye huzuni? (Songea)

Jirani yako wa shamba ashukuru.

Yabesi ana mistari miwili tu, 1 Mambo ya Nyakati 4:9-10, imepenyezwa katikati ya orodha ndefu ya ukoo wa Yuda. Mamaye alimwita hivyo kwa kuwa alimzaa kwa huzuni. Sasa chukua kalamu: jina lake ni yodi, ayini, beti, tsade. Neno la huzuni ni ayini, tsade, beti. Herufi mbili za mwisho zimepishana. Kwa maneno mengine jina halisemi huzuni. Linakaribia kusema, kisha linateleza. Mwandishi alipenda huo utelezi, na sala ya Yabesi inarudi kwenye neno lile lile mwishoni, akiomba uovu usimletee huzuni. Mama alisema huzuni, mwana akaomba isiwe.

Na sasa jambo ambalo wauza sala hawalisomi: Mungu akamjalia hayo aliyoyaomba, na akaendelea kuitwa Yabesi. Jina halikuguswa. Ukirudi 2:55 utakuta hata mji unaoitwa Yabesi, na wakazi wake ni jamaa za waandishi. Kuhusu siku 40, hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliomba zaidi ya mara moja.

Mwalimu, kwa nini mnaendelea kuwaficha watu kwamba jina la kweli la Mwokozi ni Yahushua na "Yesu" ni jina la mungu Zeu wa Wagiriki? (barua ya tano mwaka huu yenye maneno yale yale)

Ya tano, na mtindo wa kunakili ni ule ule mpaka kosa la herufi.

Hakuna aliyeficha kitu. Kiebrania kilikuwa na Yehoshua, jina la Yoshua mwana wa Nuni. Baada ya uhamisho watu wakalifupisha kuwa Yeshua. Ezra 2:2 ina Yeshua kuhani, na Nehemia 8:17 katika Kiebrania inamwita mwana wa Nuni mwenyewe Yeshua. Wayahudi waliotafsiri Torati kwa Kigiriki, karne kama tatu kabla ya Injili, hawakuwa na sauti ya "sh" katika Kigiriki, wakaandika Iesous, na "s" ya mwisho ni mkia wa kisarufi wa majina ya kiume. Ndiyo maana Waebrania 4:8, inapomtaja Yoshua, Kigiriki chake kinasema Iesous. Zeu hahusiki, kwa Kigiriki hata tahajia yake haifanani.

Halafu ile hoja ya herufi J, kwamba haina miaka 500. Ni kweli wachapaji wa Ulaya walichelewa kuitenga I na J. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliandika "Iesus". Lakini ndugu yangu, sisi tunasema Yesu. Hiyo J unayoilaumu Kiswahili hakijawahi kuitumia kwa jina hilo. Umeazima ugomvi wa watu wengine na hujaukagua kabla ya kuuleta nyumbani.

Barua ya sita sitaifungua.

Waraka wa Yakobo, kwenye Biblia ya Kiingereza unaitwa James. Shemeji yangu anasema Waingereza waliingiza jina la mfalme wao. (Eldoret)

Shemeji amekosea, ila si kwa mbali. Kilatini kilikuwa na Iacobus, na baadaye watu wakatamka Iacomus. La kwanza likazaa Jacob, la pili likazaa James. Ni jina moja. Mfalme James mwenyewe kwa Kilatini aliandikwa Jacobus. Kiingereza kimempa babu wa Agano la Kale jina moja na mitume jingine, na msomaji wao hawezi kuona kwamba ndugu yake Bwana alibeba jina la babu wa taifa. Wetu anaona, maana Kiswahili kiliacha wote wawe Yakobo. Mara nyingi tunadhani tafsiri yetu ni ya daraja la pili; hapa imewashinda.

Nimesoma kwamba Kalebu maana yake ni mbwa. Tulishamwandikisha mtoto! (Mwanza)

Hamjaharibu kitu. Herufi za Kalebu ni zile zile za "kelevu", mbwa, na maelezo mengine mengi mnayoyakuta, mfano kwamba ni "moyo wote", yamelazimishwa.

Lakini mbwa wa nani, na mbele ya nani? Zipo barua za udongo zilizopatikana Amarna, Misri, za karne ya 14 kabla ya Kristo, ambamo watawala wadogo wa Kanaani wanamwandikia Farao wakijiita mbwa wake. Walikuwa wanasema: mimi ni mtu wako, silali nyumba ya mwingine. Sasa msome Kalebu katika Hesabu 14: wapelelezi kumi wanageuka, yeye na Yoshua hawageuki, na Mungu anamwita "mtumishi wangu". Akiwa na miaka 85 anaidai milima ya Hebroni akapigane. Huyo ndiye aliyebeba jina hilo.

Na mbona hamjauliza kuhusu wengine? Debora ni nyuki. Rakeli ni kondoo jike. Yona ni njiwa. Sipora, mke wa Musa, ni ndege. Yaeli, yule wa kigingi cha hema, ni mbuzi wa mlimani. Kwetu watu wanaitwa Simba na Nyati, na hakuna anayewafungulia mbuga.

Naomba orodha ya majina ya Kiebrania yenye upako wa utajiri. (hakutaja alipo)

Nabali alikuwa na kondoo 3,000 na mbuzi 1,000. Jina lake maana yake ni mpumbavu.

Mwalimu, nasoma chuo cha Biblia. Hana anamwita mwanawe Samweli "kwa kuwa nimemwomba kwa BWANA". Lakini "kuomba" kwa Kiebrania ni shaal, na hilo ni jina la Sauli, si la Samweli. Nani kachanganya? (Dodoma)

Hatimaye swali. Umesoma Kiebrania chako, na mwalimu wako apewe chai.

Uko sahihi. Samweli, kwa herufi zake, ni Shemueli: "shemu" ni jina, "eli" ni Mungu, wengi hulieleza kuwa "jina lake ni Mungu" au linalofanana na hilo. (Vile vijitabu vinavyosema Samweli ni "Mungu amesikia" vimenyang'anya maana ya Ishmaeli, ambayo imeelezwa wazi katika Mwanzo 16:11.) Hana naye anatumia kitenzi "shaal", kuomba, na sura haikiachii. Kuhani Eli anamwambia Mungu akupe "dua" uliyoiomba, 1 Samweli 1:17. Hana anakitumia mstari wa 20, tena wa 27, na katika 1:28 anasema mtoto huyu ameombwa kwa BWANA, na neno la Kiebrania pale ni "shaul". Herufi kwa herufi, ni jina la Sauli. Kiswahili hakiwezi kulionyesha hilo. Tafsiri imefanya kazi yake, sauti imebaki ng'ambo.

Wapo wataalamu wanaosema hadithi hii hapo mwanzo ilikuwa ya kuzaliwa kwa Sauli, ikahamishiwa Samweli. Inawezekana, ila mimi siihitaji nadharia hiyo. Endelea mbele. Sura ya 8 taifa zima linakuja kuomba mfalme, na kitenzi ni kile kile. Sura ya 12:13 Samweli, sasa mzee, anawaonyesha Sauli: huyu hapa mfalme mliyemchagua, mliyemwomba. Mwandishi ameweka maombi mawili kwenye mizani. Mwanamke mmoja tasa aliomba mtoto, akamrudisha kwa aliyemwomba. Taifa liliomba mfalme ili lifanane na majirani. Jina la Sauli linasikika nyumbani kwa Hana kabla Sauli hajatajwa, na kila tukilisikia tena tunakumbuka kuna namna nyingine ya kuomba.

Kwa hiyo hakuna aliyechanganya. Waebrania waliyaeleza majina kwa sikio na kwa tukio. Musa ni mfano wa wazi: binti Farao anasema "nimemtoa majini", kwa kitenzi cha Kiebrania, wakati jina lenyewe linafanana kabisa na neno la Kimisri la "mwana" au "kuzaliwa", lile lililomo ndani ya Thutmose na Ramesse. Mwandishi alitaka tukumbuke maji, maana yapo maji mengine mbele.

Mtihani ukiuliza "maana ya Samweli", andika yote mawili. Atakayekukata alama, niletee karatasi.

Assalaam alaykum. Mimi ni Mwislamu, husoma safu yako kwa ajili ya lugha. Nabii Yaakubu wa Qur'ani ni huyo huyo, na kile kisigino kipo kwa Kiarabu? (Tanga)

Wa alaykumu ssalaam, karibu sana. Ni huyo huyo, mwana wa Is-haka, mjukuu wa Ibrahimu. Na kisigino unakijua tayari: kumbuka hadithi ya udhu, "waylun lil-aaqaabi mina nnaar", ole wa visigino na Moto, kwa wasiovifikishia maji. "Aaqaab" ni wingi wa "aqib", kisigino. Mzizi ni ule ule. Pwani mna bahati ya kuuona bila kamusi.

Naitwa Mashaka, nina miaka 31. Nabatizwa Pasaka, na kwenye darasa la ubatizo nimeambiwa Mashaka ni jina la laana, litanifuata mpaka kwenye ndoa. Nichague lipi? (Tabora)

Kanisa lako likiwa na desturi ya jina la ubatizo, chagua ulipendalo, hilo halina ubaya wowote. Ninalopinga ni kutishwa.

Mashaka, Tabu, Shida, Sikujua, Masika, Chausiku: haya ni majina ya Kiebrania kwa tabia, kuliko hayo mnayoyatoa kwenye kalenda. Mama anaweka kumbukumbu ya siku ile. Mke wa Finehasi alijifungua akisikia sanduku la agano limetekwa, akamwita mtoto Ikabodi, utukufu umeondoka. Hakuwa anamlaani mwanawe, alikuwa anaandika habari ya siku hiyo mahali pekee alipokuwa na uwezo wa kuandika. Rakeli akifa alimwita wake Benoni, mwana wa uchungu wangu. Yakobo akambadilishia palepale kuwa Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Baba anayo haki hiyo, na bado Biblia imeyahifadhi yote mawili, la mama likitangulia.

Na aliyejibandika jina baya mwenyewe yupo: Naomi. Amerudi Bethlehemu bila mume, bila wana, anawaambia wanawake wasimwite Naomi, wamwite Mara, kwa kuwa Mwenyezi amemtenda machungu. Pekua kitabu chote baada ya hapo. Hakuna aliyemwita Mara hata mara moja, si wanawake, si Boazi, si mwandishi. Walimwacha aseme uchungu wake wote, kisha wakaendelea kumwita jina lake, mpaka sura ya 4 walipokuja kusema, "Naomi amezaliwa mwana."

Kabla ya Pasaka, kama mama yako yu hai, nenda ukamwulize mwaka uliozaliwa kulikuwa na nini.